Keti

Jumatano saa mbili na nusu usiku, redioni,
mlinzi huanguka.
Huanguka kwenye ndoo, huanguka juu ya mbwa,
wiki moja alianguka katika shimo alilolichimba mwenyewe,
na kila akianguka, chumba tusichokiona
hujaa watu wa kucheka.
Akifungua mdomo ni zaidi:
geti linakuwa keti, gari linakuwa kari,
na Nairobi nzima inajishika mbavu.

Sisi pia tulicheka, Kawangware, chumba namba kumi na moja,
mimi, mama, na Sikolia wa mlango wa pili.
Baba hakuwepo.
Baba alikuwa kazini, Lavington, kibandani,
akifungua keti.

Mwezi mmoja siku yake ya kupumzika
ikaangukia Jumatano.
Mlinzi akaanguka. Baba akacheka,
akacheka hadi chai ikamtoka puani,
kisha akanyamaza ghafla
kama mtu aliyejipapasa mfukoni akakosa kitu.
"Huyu," akauliza, "hana jina?"
Tukafikiri. Miaka mitatu ya kusikiliza.
Hakuwa nalo.

Baba aliandika vitabu thelathini na moja.
Nasema kweli. Madaftari ya wageni,
mistari ya rula, mwandiko unaolalia kushoto:
jina, namba ya gari, anakwenda kwa nani,
saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Yakijaa aliniletea, nikafanyia hesabu nyuma ya kurasa.
Hivyo ndivyo nilivyosoma
kwamba daktari wa nyumba ya sita aliacha kuja na mtoto,
kwamba kuna aliyeingia saa nne usiku akatoka alfajiri,
majuma saba mfululizo,
na baba hakumwambia mke wa mtu.
Mhusika mmoja tu hakuingia katika hadithi ile
wala hakutoka.

Leo meza yangu iko mjini, ghorofa ya saba.
Naandika mchezo uleule.
MLINZI: (anaanguka).
KICHEKO: sekunde tatu.
Mtayarishaji si mtu mbaya, Ijumaa hutununulia mandazi.
"Watu wanataka kucheka," huniambia,
"wewe mwenyewe ulikuwa ukicheka."
Ni kweli. Hapo ndipo mwiba ulipo.

Nilijaribu kumpa mlinzi hotuba kuhusu haki.
Nikaifuta. Hakuna anayehutubia saa tisa usiku,
kuna baridi, na mkaa umekwisha.
Nikajaribu kumwangusha tajiri.
Wakacheka vizuri tu,
lakini ndoo ikabaki palepale
ikimsubiri mwingine.

Jana nikaandika hivi:
Mvua. Honi. Mlinzi anakuja na mwavuli uliovunjika ubavu.
Haanguki.
Dereva anashusha kioo. "Nimepita hapa miaka minne.
Unaitwa nani?"
Kimya: sekunde tatu.

Fundi wa sauti akanipigia:
"Hapa kicheko kimetoka, au umesahau?"
Sijasahau. Acha mvua inyeshe.

"Musundi," anajibu mlinzi. "Karibu. Keti liko wazi."

Lafudhi nimeiacha. Tulibishana nusu saa juu ya herufi moja,
k au g,
nikasema ulimi wa mtu si ndoo.

Sijui kama itafika hewani jinsi ilivyo.
Sijui kama kesho yake kuna tajiri
atakayeshusha kioo kweli.
Pengine watabadilisha stesheni, watafute mahali
mtu bado anaanguka.

Baba amestaafu. Goti limekataa barabara ya Gitanga.
Redio ni ileile, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
nimeitia betri mpya, sijamweleza kwa nini.
Jumatano nitavuta kile kiti chenye mto,
ambacho hukiacha kwa wageni,
nimwambie neno moja,
lile lile lake.